Kitambaa Chekundu Juu ya Magunia ya Tope

Mshauri mpendwa, msaada ninaouomba ni mmoja tu na sitaki unizungushe: nipe maneno ya kumwambia binti wa shemeji yangu ili atie sahihi kabla ya Ijumaa, kwa sababu asipotia karakana yangu inafungwa, na ikifungwa watu ishirini na wawili wanarudi makwao mikono mitupu na mimi narudi nilikotoka, na nilikotoka nakujua vizuri.

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na sita, wa hapa hapa Changhua. Tunapaka koki za maji nikeli na kromu, zile zinazong'aa ambazo watu wanafungua asubuhi kunawa uso bila kujiuliza nani kazing'arisha. Nilianza na beseni moja nyuma ya jiko la mama mkwe, yeye akilalamika kwamba harufu inaingia kwenye supu yake, mume wangu Jung-fa akiwa bado dereva wa mtu, na hesabu za dawa na joto na umeme nilijifunza mwenyewe kwa kuharibu mali, sikushikwa mkono na mtu yeyote. Leo nina mistari miwili ya mabeseni, nikiitazama koki tu nakwambia imeogeshwa nikeli muda gani. Wafanyakazi wangu hawanung'uniki, wanalipwa kwa wakati na chakula cha mchana nawapa bure, wali wa shambani kwa shemeji na mboga ninazozikaanga mwenyewe. Nasema haya usije ukadhani unaandikiwa na mtu wa kulialia.

Sasa kwa wasioijua kazi yetu. Maji ya kuoshea koki hayamwagwi hivi hivi, yanatiwa dawa, uchafu unatuama, unakamuliwa kwenye mashine mpaka unakuwa tope la kijani, zito kama unga uliokandwa, na tope hilo kisheria ni taka hatarishi. Ili upewe kibali lazima uwasilishe mpango: utatoa tani ngapi kwa mwezi, utaziweka wapi, lori gani lenye leseni litazibeba, na lazima uwe na msimamizi wa taka mwenye cheti, aliyeajiriwa kwako wewe peke yako, anayetia sahihi taarifa ya kila mwezi. Hiyo ndiyo sheria. Desturi yetu mtaani ni kwamba cheti kinaazimwa. Unakitundika ukutani karibu na kalenda ya hekalu, mwenyewe humwoni ila siku afisa akija na siku ya karamu ya kufunga mwaka, anakula, anakunywa, anatia sahihi za miezi yote kwa mkupuo mmoja, anaondoka na boksi la machungwa. Sisi tulimwazima Bwana Yu. Usinikunjie uso, mtaa mzima tulimwazima Bwana Yu, na ndicho kilichomponza, maana watu wa idara ya mazingira walipogundua kwamba ameajiriwa kutwa katika karakana tisa kwa wakati mmoja walimfutia cheti, na sisi tukapewa miezi mitatu tulete msimamizi mwingine, na miezi hiyo inaisha Ijumaa, na kibali chenyewe kinatakiwa kuhuishwa wiki hiyo hiyo.

Sikutetemeka. Nitetemeke kwa nini wakati cheti kimo ndani ya nyumba? Pei-wen ni binti wa kaka mkubwa wa mume wangu, Jung-tai, mkulima wa mpunga ambaye shamba lake linapakana na ukuta wetu wa nyuma, na mpunga haujamtajirisha mtu huku kwetu, kwa hiyo nani aliyemlipia Pei-wen ada ya chuo? Mimi. Akafaulu mtihani wa usimamizi wa taka mara ya kwanza, jambo ambalo wanaume wa hapa wanalirudia mpaka wanaota mvi, na tangu mwaka jana yuko kwangu anapima maji ya mabeseni. Nilipomwambia kwamba sasa jina lake ndilo litakaa ukutani alifurahi, akaniambia, nitatia sahihi, Mama Mdogo, ila kwanza nionyeshe magunia yote.

Yote. Hapo ndipo shida ilipoanza.

Kibali changu kinasema tani tatu kwa mwezi, na ilikuwa kweli siku kilipotolewa. Mwaka juzi nikawasha mstari wa pili kwa sababu mnunuzi alitaka mara mbili ya koki au aende kwa mwingine, na mstari wa pili ukaleta tani mbili zaidi. Kubadilisha mpango ni lazima uombe kabla hujaongeza, usubiri, uite mhandisi, uitwe ofisini, na mnunuzi hasubiri ofisi. Lori nalo haliwezi kubeba zaidi ya kilichoandikwa, lina kifaa kinachoonyesha idarani lilipo na limebeba uzito gani. Kwa hiyo tani tatu zinaondoka kwa njia halali kila mwezi, stakabadhi ninazo, na zile mbili nikaziweka kwenye banda la zamani la kuanikia mpunga la shemeji, ng'ambo ya mtaro. Sikuzitupa mtoni. Wapo wanaotupa mtoni, nawajua kwa majina.

Kisha afisa, tumwite Bwana Hsiao, alitutembelea mwaka jana, mwezi wa saba wa kalenda yetu, mwezi wa mizimu, wakati kila karakana inatandika meza ya sadaka nje kwa ajili ya wafu wasio na wenyewe. Akataka kuzunguka mpaka nyuma. Shemeji ndiye aliyekuja na akili. Tukayapanga magunia mbele ya banda, mbao juu yake, kitambaa chekundu mpaka chini, na juu ya kitambaa kuku, samaki, nguruwe, mapera, bia na bakuli la wali lililochomekwa vijiti vya uvumba. Bwana Hsiao akafika, akatazama, akashika pembe ya kitambaa. Jung-fa akamwambia taratibu, "Mkuu, uvumba bado unawaka, wafu hawajamaliza kula." Basi yule mtu akaachia pembe, akaunganisha mikono, akainama mara tatu, akaenda zake. Tulicheka mpaka machozi. Shemeji akasema mizimu wa kwetu ndio wasimamizi wa taka wenye cheti halali, na hawadai machungwa.

Ile meza hatukuiondoa tena. Tungeyapeleka wapi magunia? Tuliondoa vyakula tu.

Wiki iliyopita Pei-wen alikifunua kitambaa. Nilikuwa nyuma yake. Pindo lilikuwa limekwisha kuwa gumu, limeliwa, wekundu umekuwa kama nyama iliyolala, na chini yake gunia limelowa na mstari mwembamba wa kijani unateremka kwenye zege mpaka mtaroni. Hakupiga kelele. Aliinama, akaufuata ule mstari kwa kidole bila kuugusa, halafu akarudi kuosha mikono muda mrefu kupita kiasi.

Tukakaa jikoni kwangu wote wanne. Akasema, "Taarifa ya tani tano nitaitia sahihi leo hii. Ya tatu sitii."

Baba yake akapiga meza. "Cheti hicho umekipata kwa jasho la nani?"

"La Mama Mdogo."

"Basi ni chake."

"Ada ni yake, baba. Jela itakuwa ya nani?"

Nikamtazama mume wangu aseme neno. Jung-fa alikuwa anamenya pera. Aliendelea kulimenya mpaka likabaki dogo kama yai. Shemeji akamwambia binti yake kwamba msomi wa nyumba hii amesoma mpaka amesahau mlango wa kwao uko upande gani, Pei-wen akajibu kwamba mlango anaujua, ndio maana ameona maji yanapita wapi. Akainuka akaenda kazini kana kwamba hakuna kilichotokea.

Sasa Bwana Hsiao anakuja Alhamisi kwa ajili ya ukaguzi wa kibali, na Alhamisi hiyo hiyo ni siku ya sadaka. Shemeji anasema tununue kitambaa kipya, kirefu zaidi, tutandike. Rahisi kwake kusema, mtu ambaye hata mchele wake sisi nyumbani tumeuacha, tunanunua wa dukani kutoka mbali, Taitung, huo wa kwake umekuwa mgumu kwa meno ya Jung-fa. Yupo pia wakala amenipigia simu, ana cheti cha mzee mmoja mstaafu wa Taichung ambaye hatatoka hata kitandani, anataka jibu kesho. Na Pei-wen ameniambia usoni kwamba hatamtafuta afisa, wala hatashika kitambaa, ila siku hiyo atakuwa amesimama pale, na akiulizwa swali atalijibu.

Mshauri, huyu mtoto alikula mezani kwangu. Siku hizi hata chakula cha mchana cha kazini hagusi, anakuja na mikate yake ya mvuke kwenye mfuko, anakula peke yake ngazini kama vile mimi napika sumu. Nimemkosea nini? Nimwambie nini atie sahihi? Au nimchukue mzee wa Taichung, huyu nimwondoe kabla ya Alhamisi?

Mwenye Karakana, Changhua

—

Mwenye Karakana,

Barua yako ilipofika sikungoja gazeti lichapwe. Nilikupigia simu, na ninayoyaandika hapa ndiyo niliyokwambia, makali yake yakiwa yamepunguzwa kidogo kwa sababu watoto nao wanasoma ukurasa huu. Majina nimeyabadilisha.

Unataka maneno ya kumlainisha Pei-wen. Sinayo, na ningekuwa nayo nisingekupa. Isome tena barua yako pale jikoni. Binti alisema atatia sahihi leo hii. Wewe umesikia kwamba amekataa. Alichokataa ni namba ya uongo, na wewe uliyejifunza hesabu za dawa kwa kuharibu mali yako mwenyewe unajua kuliko mimi kwamba namba ya uongo kwenye beseni inatoa koki inayobanduka. Ulimlipia ada ajue kuhesabu. Amehesabu.

Sikudharau. Mwanamke aliyeanza na beseni moja nyuma ya jiko la mama mkwe namvulia kofia, na najua foleni ya ofisi ilivyo, najua wenye viwanda vikubwa wana watu wa kuwaombea vibali wakati wewe unakaanga mboga za watu ishirini na wawili. Sheria ile imeandikwa kama vile kila mtu ana mhandisi mezani. Hilo ni kweli, na siku ukiniandikia kuhusu hilo tu nitakuunga mkono kwa sauti kubwa. Lakini tani mbili kila mwezi tangu mwaka juzi, dada yangu. Mimi si mtu wa namba, nilihesabu kwa vidole, na jibu sikulipenda.

Sasa kuna mambo matatu umeyatupia humo ndani, kila moja mahali pake, kama mtu anayeficha mifupa ya samaki chini ya wali. Pale juu unajisifu kwamba wafanyakazi unawalisha wali wa shemeji. Chini unasema wewe na mumeo mmeuacha wali huo huo, eti meno. Na mwisho unalalamika kwamba Pei-wen hali tena chakula cha kazini. Mtaro unaopita kando ya meza yako ya sadaka unamwagilia shamba la nani? Meno ya Jung-fa hayana tatizo, yule bwana amemenya pera mpaka likabaki yai. Wewe ulishajua. Mikono yako ilijua kabla ya kichwa chako, ikaenda dukani kununua mchele wa Taitung, na wale ishirini na wawili ukaendelea kuwapakulia.

Nilipokuuliza hili kwa simu ulisema, "Sikuwahi kuwaza hivyo." Nakuamini. Hukuwaza. Ulikuwa unapika.

Basi sikiliza, na uache kulia, kazi ni nyingi.

Sufuria la mchana, leo, mchele mwingine. Usingoje kesho na usiseme umeisha, waambie kwa nini. Wana haki ya kwenda kupimwa, na gharama ni yako. Shemeji asiuze hata gunia moja la mavuno yale mpaka mchele, udongo na maji ya mtaro vipelekwe maabara. Atafoka. Mwache afoke. Mwambie kwamba binti yake ndiye mtu pekee mle jikoni aliyekuwa anatetea shamba lake, na yeye alikuwa anampigia meza.

Yule wakala mpigie sasa hivi umwambie hapana. Mzee asiyetoka kitandani hawezi kusimama mahakamani, kwa hiyo utasimama wewe.

Zima mstari wa pili. Najua, mnunuzi. Lakini wewe ni mtu wa hesabu, nashangaa hii imekupita: mstari mmoja unatoa tani tatu, na kibali chako kinasema tani tatu. Kuanzia siku utakapouzima, namba iliyoandikwa inakuwa ya kweli, na Pei-wen anaweza kuitia sahihi. Cheti chake kitakaa ukutani na mwenye cheti atakuwa chini yake, jambo ambalo nadhani mtaa wenu haujapata kuliona. Mstari wa pili utauombea kwa njia yake, ukae kwenye foleni kama wengine. Mnunuzi akiondoka ataondoka na nusu. Akikukuta Bwana Hsiao na kitambaa kipya, inaondoka karakana yote, na binti wa watu nyuma yake.

Magunia usiyaguse. Shemeji atasema yahamishwe kwa gari lake usiku, na hapo ndipo kosa linapogeuka kuwa kubwa zaidi. Yafunikwe kwa turubai yasinyeshewe, ule mstari wa kijani uzibwe kwa mchanga, na mchanga huo nao uokotwe uhesabiwe. Kisha wewe mwenyewe, kabla ya Alhamisi, nenda idarani. Usimtume Jung-fa, atamenya pera. Nenda na Pei-wen, useme una magunia ambayo hayakuandikwa, yako wapi, yana uzito gani, na unaomba lori la ziada. Utapigwa faini na itauma. Huenda kibali kikasimamishwa kwa muda, sikufichi, na huenda ukaitwa tena na watu wasiotabasamu kama Bwana Hsiao. Lakini anayekwenda mwenyewe kwa miguu yake na aliyefunuliwa hawaandikwi kwa namna moja, na hili nimelithibitisha kwa wakili kabla ya kukuandikia.

Umeniuliza umemkosea nini Pei-wen. Ulitaka jina lake liwe kitambaa. Ndilo kosa. Muombe radhi, na usiombe kwa pesa wala kwa kumkumbusha ada. Nenda ukakae naye pale ngazini mchana, umwombe kipande cha mkate wake.

Na sadaka Alhamisi mtandike, wafu hawana kosa. Meza ya kweli, yenye miguu, mahali pakavu, uvumba wa kutosha. Bwana Hsiao naye apewe kijiti chake, kisha mpeleke mwenyewe mpaka kwenye banda.

Kitambaa cha zamani usikifue. Maji ya kukifulia yatakwenda mtaroni. Kitie ndani ya gunia la mwisho, kipandishwe mizanini pamoja na tope, na Pei-wen auandike uzito wake.

Mshauri Ou-yang